Nadhiri Haikungoja Mchele wa Kibombo

Mama yangu, Mwanvua, hakuwa mtu wa kulala mchana. Nasema hivi mwanzo kabisa ili mnielewe baadaye. Wanawake wengine wa mtaa wetu wa Kasuku, mjini Kindu, jua likipanda, walitandika mkeka wakajinyoosha kidogo. Mama akiwaona alisonya. Yeye mchana alitwanga, alipika, alipanga, aligombana na mtu. Na usiku, badala ya kulala kama viumbe wengine wa Mungu, aliamka kila mara kuweka mkono chini ya pua ya mdogo wangu Waziri aone kama anapumua. Waziri alikuwa anapumua vizuri tu. Aliyekosa usingizi ni mimi, niliyelala katikati yao.

Baina yangu na Waziri kuna makaburi matatu. Wavulana wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kwa miguu yake. Kwa hiyo Waziri alipozaliwa, Mama hakushangilia. Alimpokea, akamtazama kwa muda, akaweka nadhiri palepale kitandani: mtoto huyu akifika miaka saba, atachinja mbuzi mweupe na kulisha wenye njaa. Na mpaka siku hiyo wembe usiguse nywele za utosini. Kichwa kingine chote kilinyolewa, lakini pale katikati palibaki shungi, na kwetu kila anayeona shungi la namna hiyo anajua kwamba mtoto ana ahadi na Mungu na ahadi bado haijatimizwa. Ukilinyoa kabla, walisema mama zetu, umemwita Izraili kwa mdomo wako mwenyewe. Mama aliamini hivyo kama alivyoamini kwamba moto unaunguza.

Tangu siku hiyo watu waliacha kumwita Mama Jamila. Jamila ni mimi. Niliishi, sikuumwa, sikusumbua mtu, na shukrani niliyopata ni kwamba mama yangu akaitwa Mama Waziri. Nilikuwa na haki ya kununa, na nilinuna.

Shungi lenyewe lilikuwa kazi yangu. Nililiosha, nililipaka mafuta, nililisuka, na Waziri alipiga kelele kana kwamba namchuna ngozi. Shuleni watoto walimwita Jogoo, wakawika akipita. Ndipo mwalimu wake akamrudisha nyumbani na amri kwamba nywele zikatwe. Mwalimu huyo alikuwa Okito. Zamani aliitwa Bruno, mpaka serikali ya Zaire ilipokataza majina ya kizungu, na kila mtu akalazimika kuchimbua jina la babu yake. Mama alikwenda shuleni na mwiko bado mkononi, sombe, yaani kisamvu, likidondoka.

“Sitwayene Okito,” alimwambia mlangoni mwa darasa, yaani raia, kama tulivyolazimishwa kuitana enzi hizo, “jina yako walikata, ukanyamaza. Nywele ya mutoto yangu, hapana, hawatakata.”

Darasa zima likacheka. Okito, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, aligeukia ubao ili naye acheke kwa siri. Waziri akahamishiwa mstari wa nyuma, mahali ambapo wakaguzi hawatupi macho, na mambo yakaishia hapo.

Mwaka wa saba ulipofika, Mama alishikwa na wazimu wa kupanga. Nadhiri ilikuwa mbuzi na chakula, basi. Lakini mama yangu hakuweza kuona kitu kidogo akakiacha kibaki kidogo. Aliamua iwe siku ya Maulidi. Aliamua mchele utoke Kibombo kwa kaka yake, kwa sababu mchele wa soko letu, alisema, unanuka gunia. Aliamua jamaa wote wa Kibombo waje pamoja na mchele huo. Aliamua wakubwa wa msikiti wakae hapa, wapiga dufu pale, na bibi Hadidja, mke wa mfanyabiashara wa nguo, akae mahali ambapo ataona vizuri kila sinia linalopita, maana kwenye harusi ya binti yake bibi huyo alikuwa ametutia sisi nyuma karibu na choo. Wenye njaa sikuwasikia wakitajwa tena. Nadhani walipangiwa makoko.

Baba, Amuri, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, na jibu lake kwa kila jambo chini ya jua lilikuwa moja.

“Mungu anajua,” alisema, na kujilaza.

“Anajua, ndiyo,” Mama alijibu. “Lakini hatakuja hapa kukoka moto. Mimi njo nitakoka.” Njo yetu ni ndiye na ndiyo ya watu wengine.

Baba alisema astaghfirullahi na kugeukia ukuta.

Mbuzi mweupe alikuwa tayari siku nyingi. Tulimlea nyuma ya jiko tangu akiwa mdogo, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Alikula majani bora. Aliogeshwa kwa sabuni kabla yangu. Siku moja alikula nusu ya kikwembe changu, kitenge cha sikukuu, na nilipompiga, mimi ndiye niliyechapwa. Kitu kimoja tu kilinipa subira: siku ya Maulidi ningemla. Nilikuwa nimeshachagua hata paja.

Basi juma lenyewe likafika, na kila kitu kikaanza kuharibika. Kwanza zikaja habari kutoka stesheni kwamba mvua ya kusini imeangusha miti juu ya reli, na treni iliyobeba mjomba na mchele imekwama porini. Itafika lini? Hakuna aliyejua. “Mungu anajua,” alisema Baba, na Mama akamtupia ungo. Kabla ungo haujaokotwa, likaja tangazo la Chama. Mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atashuka Kindu kwa ndege siku moja kabla ya Maulidi, na wanawake wote wa mtaa waende kufanya animasyo, yaani kuimba na kukata kiuno kwa sifa za Chama, na watoto wa shule wajipange kando ya barabara. Huwezi kukataa. Chama kilikuwa kimoja, na hata mtoto aliye tumboni alihesabiwa mwanachama.

Majirani walikuja kumpoza Mama. Nawajua watu hawa. Shida ikiwa ya kwao hulia mpaka mto usikie. Ikiwa ya mwenzao huleta methali. Mmoja akasema subira huvuta heri. Mwingine akasema mtu hupanga na Mungu hupangua. Wa tatu akamshika Mama bega: “Mungu iko, Mama Waziri.”

“Najua Mungu iko!” Mama alifoka. “Nani amesema haiko? Treni njo haiko! Muchele njo haiko! Na nyie pia, kesho nikitafuta wa kunisaidia kutwanga, hamutakuwako!”

Wakaondoka wakisema amechanganyikiwa. Hata hivyo hakuwa amekata tamaa. Mchele hata ukiwa wa sokoni ni mchele, alisema akimeza aibu, na mbuzi yupo. Mbuzi ndiye nadhiri.

Alasiri hiyohiyo akaja Kalume. Kalume alikuwa kiongozi wa vijana wa Chama katika mtaa wetu, na alikulia nyumba ya pili kutoka kwetu. Utoto wake wote alikula kwetu kila alipokosa kwao, na alikosa mara nyingi. Alikuja na wenzake wawili.

“Mama, tumekuja na heshima,” alisema.

“Heshima inakuja na kamba?” Mama aliuliza, kwa maana aliiona kamba mkononi mwake.

“Mukubwa atakula, Mama. Kila mutaa inatoa kitu. Mutaa yetu inatoa mbuzi.”

“Mutaa yetu iko na mbuzi ngapi?”

“Moja.”

“Na hii moja ni ya nani?”

Kalume alitazama miguu yake. Mama alimvuta Waziri kwa shungi mpaka mbele ya uso wa kijana yule. “Unaona hii? Weye si mugeni hapa, Kalume. Hii mbuzi ni ya Mungu. Ukibeba mbuzi, unabeba roho ya huyu mutoto.”

“Mama,” alisema Kalume, na sauti yake ilikuwa ndogo, “nikirudi bila mbuzi, mimi njo watafunga.”

Mama alimtazama. Nadhani aliona kwamba hasemi uongo, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote. Angekuwa mtu mwovu, angempiga mwiko akajisikia nafuu. Lakini utampigaje mtu anayetetemeka, ambaye wali wako ndio uliomrefusha?

“Basi mbuzi inakufa hapa,” alisema. “Na kisu ya Muislamu. Mbuzi yangu haitakufa haramu.”

Baba akaitwa. Mbuzi akalazwa nyuma ya jiko, akaelekezwa kibla. Baba alipoanza kusema bismillahi, Mama aliweka mikono kichwani, akatazama juu, akapiga kelele iliyosikika mpaka msikitini:

“Haya basi! Chukua! Ni mbuzi yako, si yangu! Chukua, nimechoka na weye!”

Hakuwa anasema na Kalume. Kila mtu pale alijua alikuwa anasema na nani, ndiyo maana kila mtu alitazama chini. Baba nusura ajikate kidole.

Na bado hawakumwacha. Kwa kuwa mtaa mzima ulijua nani anaweza kupika mbuzi, Mama aliamriwa ampike yeye. Kesho yake alfajiri alikuwa kando ya barabara ya kiwanja cha ndege na masufuria makubwa, akikoroga kana kwamba anamzamisha mtu. Wanawake waliimba. Watoto wa shule, Waziri na shungi lake miongoni mwao, walisimama juani na bendera za karatasi. Watu walikuwa wametolewa mbali, wengine wamevushwa kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya Lualaba, wachimbaji wa madini wa upande wa Pangi, mabibi vikongwe, wanawake wenye watoto mgongoni, hata kipofu mmoja na fimbo yake. Kipofu aletwe kumwona nani, sijui. Hakuna aliyekuwa ametia kitu tumboni tangu kuamka.

Ndege haikuja. Adhuhuri ikapita. Tuliimba mpaka sauti zikakauka, tukanyamaza, tukaamriwa tuimbe tena. Ilipofika alasiri mtu mmoja alikuja kwa baiskeli, akamnong'oneza mkuu wa sherehe, na mkuu akapanda gari lake bila kuaga mtu. Mkubwa wa Kinshasa alikuwa ameahirisha safari. Sisi tulibaki na bendera zetu.

Kalume alitazama masufuria, akatazama watu, akavua kofia. “Mama,” alisema, “uwape tu.”

Mama akapakua. Walikuja wote, wasiojulikana kwa jina wala kwa ukoo, wakila kwa mikono miwili, na yule kipofu alilamba kipande cha jani alichopewa kama sahani. Mama mwenyewe hakuonja. Nyama ya kunyang'anywa haiingii kinywani mwangu, alisema, na akatukataza na sisi. Miaka yote ile nimemngoja mbuzi yule! Nilisimama pale na njaa yangu nikaliona paja langu likienda kwa mchimbaji mwenye meno mawili.

Ndipo Waziri akaanguka. Jua la kutwa nzima lilikuwa limemwingia, na mwili wake ulichoma. Mama aliacha masufuria yalivyo, akambeba mbio mpaka zahanati. Muuguzi alitoa kinini, akasema homa kama hii watoto wengi wanayo, atapoa.

“Kinini ni dawa ya homa,” Mama aliniambia njiani kurudi. “Nadhiri haina kinini.”

Mbuzi hakuna. Mchele hakuna. Kesho Maulidi, miaka saba imetimia, na mtoto anaweweseka. Mama alikaa akilitazama shungi lile kama mtu anayemtazama nyoka ndani ya nyumba. Baba alifungua mdomo aseme neno lake, kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga.

Asubuhi Mama alimfunga Waziri mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu ikining'inia, akaenda kwa Shehe Zuberi. Nilimfuata. Shehe alikuwa nyuma ya msikiti, baiskeli yake imepinduliwa, anahangaika na mnyororo, mikono myeusi kwa grisi. Alikuwa mzee mwenye maneno machache na haraka nyingi.

“Shehe, nimeshindwa,” Mama alisema. “Mbuzi wamebeba. Umwambie Mungu aningoje, nitatafuta ingine.”

“Siku ile ulitamka nini?” Shehe aliuliza bila kuinua kichwa. “Si ile ulipanga baadaye. Ile ulitamka.”

“Nilisema akifika saba, nitachinja mbuzi nyeupe, nitalisha wenye njaa.”

“Ulitamka muchele ya Kibombo?”

“Hapana.”

“Ulimutaja bibi Hadidja?”

Mimi nilitazama baiskeli.

“Wale wa jana walikuwa na njaa?”

“Shehe, walikula kama nzige.”

“Na weye ulikula?”

“Hata mufupa sikulamba! Na watoto niliwakataza.”

“Vizuri. Mwenye nadhiri hali nyama ya nadhiri yake. Ungefanya karamu yako ungekula, na watoto, na bwana yako. Mimi ningekuja kukuonya, ungenifukuza na mwiko.” Mnyororo ukamponyoka, akaukamata tena.

“Lakini Shehe, sikutoa! Walininyang'anya! Sikunuia!” Mama alikuwa karibu kupiga kelele. “Nadhiri bila nia ni nadhiri gani?”

Sasa Shehe aliinua kichwa. “Mama Jamila,” alisema, maana yeye peke yake mtaani bado alimwita hivyo, “sauti yako tuliisikia mupaka hapa. ‘Chukua, ni mbuzi yako.’ Kisu kilikuwa shingoni. Ulikuwa unasema na nani?”

Mama alikaza nguo iliyomfunga Waziri mgongoni.

“Nilikuwa na kasirani,” alisema.

“Sikuuliza kama ulikuwa na kasirani. Na Yeye hakuuliza.”

Hapo Mama alilia, lakini msidhani ni kilio cha unyenyekevu. Alilia kwa hasira, akipiga mguu chini. “Nimepanga hii kitu miaka yote, Shehe! Miaka yote! Na Yeye anajipakulia mwenyewe!”

“Ee,” alisema Shehe, akifuta mikono kwa kitambaa. “Leta kichwa.”

Wembe ulipogusa utosi, Waziri alifungua macho. “Mama,” aliuliza, “sasa njo nitakufa?”

“Hapana, baba,” Mama alimwambia. “Sasa unaweza kuumwa kama watoto wengine.”

Shungi lilianguka mapajani mwake. Mimi ninayewahadithia najua kwamba Waziri alipona, tena leo ni mzee mwenye kipara kizima na anadai ni kosa la wembe wa Shehe. Lakini mchana ule Mama hakujua hilo. Hakuna aliyejua. Mwili wa mtoto ulichoma vilevile kama jana.

Tulirudi nyumbani. Mama alimnywesha kinini na maji, akamlaza juu ya mkeka pale mlangoni penye upepo, akakaa kando. Masufuria ya jana yalikuwa yamerundikwa nje, machafu, inzi wakifanya Maulidi yao. Nilisimama nikingoja kufokewa. Aliyatazama, akanitazama mimi, akasema, “Jamila, acha.” Kisha akaweka kichwa juu ya mkono wake karibu na Waziri, na akalala. Jua utosini, mlango wazi, watu wakipita na kanzu zao za sikukuu, mama yangu alikoroma.

Sikujua nifanye nini. Nilimfukuzia Waziri inzi. Baadaye kidogo nilijikuta nimeweka mkono chini ya pua yake, na nikajikasirikia.

Hapo ndipo nikasikia sauti barabarani. Alikuwa mjomba wa Kibombo, tope mpaka kiunoni, gunia la mchele kichwani. Treni ilikuwa imefika.

“Mwanvua!” aliita. “Mwanvua, muchele iko hapa!”

Alipofika mlangoni akamwona Mama amelala chini mchana kweupe. Gunia likamshuka kichwani lenyewe.

“Jamila,” alinong'ona, na uso wake ukawa kama majivu. “Dada yangu amekufa?”

“Hapana, mjomba,” nilimwambia. “Analala tu.”

Alimtazama tena, hakuniamini. Halafu akakaa juu ya gunia lake na kungoja.